Kisu cha Isoe na Meno ya Bunju

Isoe alikuwa na miaka thelathini na tisa mumewe alipokufa, na hamsini na nane siku alipozikata kamba za Umekichi. Kati ya siku hizo mbili ilipita miaka kumi na tisa, na katika miaka yote hiyo hakuamka asubuhi hata moja bila kumfikiria Umekichi kabla hajafikiria kuteleka chai.

Kwa kumtazama usingemdhania. Alikuwa mwanamke mfupi wa mabega mapana, kitambaa kichwani, viatu vya mpira hadi magotini, viganja vimechanjwachanjwa na kamba. Kisiwani kwao wanawake walihudumia michungwa kwenye matuta ya mlimani, na wanaume ndio waliokwenda baharini. Isoe alikwenda baharini. Alirithi boti ya mumewe Tamotsu pamoja na mitungi yake ya kutegea pweza, akajifundisha mwenyewe kusoma mikondo, akawa anavua peke yake.

Mitungi yenyewe ni ya udongo. Kila mmoja una kamba yake nyembamba shingoni, na kamba hizo nyembamba zote hufungwa kwenye kamba nene moja inayolala chini ya bahari, ncha yake ikishikwa na boya linaloelea juu. Pweza akiuona mtungi huingia na kujikunja ndani, akidhani amepata nyumba, na ukivutwa juu hung'ang'ania humo badala ya kukimbia. Kazi ni kuvuta tu. Isoe alivuta miaka kumi na tisa, na kila alipovuta aliyaona maboya mekundu ya Umekichi yakielea jirani na yake, kwa kuwa mume wake na Umekichi walikuwa marafiki tangu utotoni na walitega sehemu moja.

Tamotsu alikufa kwa kula bunju, yule samaki anayejivimbisha. Hivyo ndivyo ilivyoandikwa, na hivyo ndivyo kisiwa kizima kilivyosema.

Ilikuwa wakati michungwa inachanua. Umekichi alikuwa amepata bunju mkubwa kwenye mshipi, yule mwenye madoa meusi ubavuni, na badala ya kumpeleka ng'ambo kwa mpishi mwenye kibali akamwita Tamotsu nyumbani kwake ili wamle pamoja na pombe ya mchele. Bunju ana sumu tumboni, na kuliko kote ana sumu kwenye maini. Hilo hata mtoto wa kisiwa kile analijua. Lakini Umekichi alijisifu kwamba babu yake alikuwa anajua kuyaosha mpaka yakawa salama. Akampasua samaki mwenyewe, akayakatakata maini, akayaweka kwenye kisahani. Tamotsu akasita. Umekichi akamwambia kama anaogopa samaki aliyekwisha kufa, basi aende jikoni akamenye vitunguu na wanawake. Tamotsu akala. Umekichi akalamba kidogo tu kwa ncha ya kijiti.

Tamotsu alirudi nyumbani kwa miguu yake. Isoe alikuwa anatandika, na mumewe akakaa chini karibu na mlango akijigusagusa uso.

"Isoe, midomo yangu siisikii."

Akamweleza alichokula. Akamwambia kwamba Umekichi ndiye aliyepasua, yeye alikula tu. Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yake ya mwisho yaliyoeleweka. Mikono ilimlegea, ulimi ukamlegea, lakini akili yake ilikuwepo yote. Walipokuwa wanamvusha kwa boti kwenda hospitali ya ng'ambo, macho yake yalimfuata Isoe kila alipogeuka, mpaka pumzi ikakatika kabla hawajafika gatini.

Kesho yake polisi alipokuja kuuliza, Umekichi alisema kwamba samaki aliletwa na Tamotsu, na Tamotsu ndiye aliyempasua. Yeye alimwazima ubao na kisu tu, na alimkataza. Mkewe Fusa alikuwa ameketi pembeni, akaitikia kwa kichwa. Isoe alisema aliyoambiwa na mumewe. Polisi akaandika, akafunga daftari, akampa pole.

Tangu hapo jina lake kisiwani likawa mke wa mla maini. Halikutamkwa usoni kwake, lakini lilimfikia. Binti yake Chizuru lilimfikia zaidi, shuleni, mpaka alipofika miaka kumi na tano akaenda kufanya kazi ng'ambo, na hakurudi tena kuishi. Naye Umekichi, kila alipokutana na Isoe gatini, alimsalimia kwa upole mno, akimwita shemeji.

Basi ulifika mwaka huo wa kumi na tisa, wakati wa joto kali. Isoe akavuta mitungi yake na kukuta kamba nyembamba saba zimekatika. Wiki iliyofuata zikawa kumi na mbili. Na mitungi iliyobaki ilikuwa na pweza wasio kamili: huyu hana mikono miwili, yule hana mitatu, vigutu vimebaki vinapindapinda. Alijua papo hapo ni nani. Aliokota ncha zote zilizokatika akaziweka kwenye kopo la biskuti, kama mtu anayehifadhi ushahidi, ingawa alikuwa ameshajionea zamani jinsi ushahidi wake unavyopokelewa.

Alimuuliza Umekichi mbele ya watu, palepale kwenye mzani wa samaki. Hakumlaumu, alimuuliza tu kama yeye naye anakatiwa. Umekichi akacheka.

"Zangu nzima, shemeji. Labda pweza wako wamejifunza kushika kisu."

Wanaume waliokuwa pale wakacheka pia. Isoe akapakia ndoo zake, akaenda. Njiani alijikuta anatabasamu, kwa sababu alikuwa amengoja miaka mingi apewe sababu mpya, na sasa amepewa.

Katikati ya mwezi wa nane kuna siku tatu ambazo hakuna anayevua. Ni siku za wafu kurudi nyumbani, na kila ukoo huwa makaburini, unafagia, unamwagia maji mawe, unawasha ubani. Isoe alikwenda kwa Tamotsu alfajiri, akamaliza mapema. Saa sita mchana, kijiji chote kikiwa mlimani, aliteremka gatini, akaingia kwenye mtumbwi mdogo wa kasia ili mlio wa injini usisikike, akapiga kasia hadi kwenye maboya mekundu. Alikuwa amechukua kisu cha Tamotsu na amekinoa usiku mzima wa jana yake. Akaivuta kamba nene ya kwanza, akaikata. Kamba ilizama taratibu na mitungi yake hamsini. Akaikata ya pili, ya tatu, ya nne. Jua lilikuwa linamchoma shingoni na kutoka mlimani alisikia kengele za watawa. Hakuogopa wafu. Aliona kwamba kama kuna maiti anayetazama bahari siku hiyo, ni mmoja, na huyo hawezi kumlaumu.

Siku zilizofuata zilikuwa tamu kwake. Umekichi alizunguka na boti akiburuza kulabu chini ya maji, akitafuta mitungi yake, mkondo ukimpeleka huku na huko. Isoe alikaa kwenye ukingo wa gati na tonge la wali lililofungwa kwa mwani, akala polepole akimtazama. Aliona jinsi mgongo wa mzee yule ulivyopinda. Alirudi kesho yake kutazama tena.

Lakini kamba zake mwenyewe ziliendelea kukatika. Alidhani Umekichi anamjibu, na wala hakukasirika. Alianza kupanga atakachomfanyia safari ya pili. Alikuwa anafikiria boti ya Umekichi yenyewe.

Ndipo asubuhi moja ya mwezi wa tisa alipovuta mtungi ukawa mzito. Alipoufikisha ukingoni aliona mdomo wake umezibwa na kitu cheupe cha mviringo, kimetuna, kina miiba midogomidogo kama kidevu cha mtu asiyenyoa. Mkia ulikuwa unapigapiga nje. Isoe akaketi juu ya sanduku akautazama mtungi ule kwa muda, na kilichotokea kikamwingia kichwani kama vile ameshuhudia. Bunju alikuja kumla pweza. Alianza na mikono iliyochungulia nje, kisha akaingiza kichwa amfuate ndani. Pweza akamkumbatia. Bunju akabugia maji, akavimba, na pweza, akikuta anachokumbatia ni mpira wenye miiba na ladha mbaya, akamwachia na kujibana chini kabisa ya mtungi. Bunju akanasa mlangoni, hawezi kuingia, hawezi kutoka.

Alimshika mkia akamvuta. Alitoka kwa kishindo kidogo, akatema maji, akawa anasaga meno kwa mlio unaokera masikio. Isoe akachukua kipande cha kamba nyembamba, akamwekea kinywani. Bunju akauma mara mbili, kamba ikakatika. Ncha yake ilikuwa na nyuzinyuzi, imetafunwa, imelowa.

Akawatia wote wawili kwenye tangi la boti. Pweza alipauka mwili mzima, akajibandika kwenye kona ya mbali, hakusogea mpaka walipofika bandarini.

Nyumbani alifungua lile kopo la biskuti. Ncha zote zilikuwa na nyuzinyuzi.

Hakuona nafuu. Alichokisikia kilifanana zaidi na kuporwa. Umekichi hakumkatia kamba hata moja. Miezi ile yote aliyokuwa akimchukia upya, kwa nguvu mpya, alikuwa anamchukia kwa kosa la samaki.

Nagamine, mwenyekiti wa ushirika wa wavuvi, alipomwona yule bunju aliita mkutano. Ilikuwa imebainika kwamba wengine wawili nao wamekatiwa kamba na walikuwa wananyamaza, kila mmoja akimshuku jirani yake. Nagamine alizipanga ncha juu ya meza ndefu, akampitisha bunju aliyekuwa ndani ya ndoo, na watu wakacheka kwa kujionea haya. Waliambiana mwaka huo bunju wamekuwa wengi, na kwamba kuanzia sasa shingo za mitungi zifungwe kwa waya. Umekichi peke yake hakuleta ncha. Alisema amezichoma, ila bila shaka ni bunju haohao. Nagamine alishangaa kidogo kwamba bunju ameweza kamba nene kama ile, lakini hakuuliza zaidi. Mkutano ukafungwa kwa chai.

Kwa hiyo mambo yalikuwa yamekwisha. Hakuna aliyemshuku Isoe, na hakuna ambaye angemshuku siku yoyote. Mtu mwingine angeshukuru. Isoe alitembea kurudi nyumbani akihisi ameibiwa kitu pekee alichowahi kupata. Kama Umekichi anaamini ni bunju, basi hajalipizwa kisasi. Amepata hasara tu, kama mtu aliyepigwa na upepo. Alikaa na wazo hilo siku nne. Siku ya tano, alasiri, alikwenda nyumbani kwa Umekichi.

Alimkuta uani anafunga waya kwenye mitungi mipya. Fusa alikuwa barazani anachambua maharage mekundu kwenye ungo. Isoe hakukaribishwa na hakungoja kukaribishwa. Alisimama mbele ya mzee.

"Kamba zangu zilikatwa na bunju. Zako nilizikata mimi. Siku ya makaburi, saa sita mchana, kwa kisu cha Tamotsu."

Umekichi hakuinua kichwa. Aliumalizia waya aliokuwa akiuzungusha.

"Najua, shemeji."

"Unajua nini?"

"Bunju hutafuna. Zile zilikatwa mara moja, sawasawa, kama figili. Nilijua siku ileile. Ndiyo maana nilizichoma."

"Ukanyamaza."

"Nilisema moyoni, haya, sasa tumelipana."

Isoe alisikia masikio yake yanawaka. Miaka yote alikuwa amejiandaa kwa ubishi wake, kwa matusi yake, hata kwa kupigwa. Kwa hili hakujiandaa: kwamba mtu huyu ameshakaa peke yake, akapiga hesabu, akafunga kitabu, na wala hakuona haja ya kumwarifu.

"Mitungi mia mbili," alisema polepole. "Mitungi ya udongo. Kwa Tamotsu."

Umekichi akavuta mtungi mwingine.

"Basi tukubaliane hapa hapa. Nikizamisha mia ya tatu utanipa chenji?"

"Unataka nini wewe? Nimekuwa mzee. Unataka nife?"

"Nataka useme. Mbele ya watu, kwamba ulimwambia polisi uongo."

"Kusema kutamfufua nani?"

"Hakutamfufua mtu. Kutakuua wewe kidogo."

Fusa alikuwa ameacha kuchambua. Umekichi alisimama kwa taabu, akajikung'uta magoti, akamwambia Isoe arudi kwake. Yeye hana la kusema, na hata Isoe akisema la kwake, ni nani atakayemwamini mke wa mla maini. Alilitamka jina lile waziwazi, kwa mara ya kwanza tangu Tamotsu azikwe. Isoe akamshukuru. Alimshukuru kwa dhati, kwa kuwa hadi dakika ile sehemu ndogo ya moyo wake ilikuwa inamwonea huruma, na sasa ilikuwa imetulia.

Kesho yake asubuhi, wavuvi wakiwa wamekusanyika kwenye ukumbi wa ushirika kugawana waya, na wanawake wao wamekuja na birika za chai, Isoe aliomba nafasi ya kusema. Alisema kwamba kamba nne za Umekichi hazikukatwa na samaki. Alitaja siku, saa na kisu. Mmoja aliuachia waya wake ukajikunjua sakafuni. Kukata kamba ya mwenzio ni aibu isiyosemeka pale. Kuikata siku ya wafu hakujawahi kusikika. Nagamine alimuuliza kwa sauti ya chini ni kitu gani kilimpata mama mtu mzima kama yeye.

Hilo ndilo swali alilokuwa amelinunua kwa kujichafulia jina. Akajibu. Alisimulia kisahani, kijiti, ganzi ya midomo, na maneno ya Tamotsu mlangoni. Hakupaza sauti. Alipomaliza, Nagamine alimgeukia Umekichi, ambaye alikuwa ameyakodolea macho magoti yake.

Umekichi alisema ni hadithi ya zamani ya mwanamke mwenye uchungu.

"Kisu nilikiosha mimi," Fusa alisema.

Alikuwa amesimama nyuma na birika mkononi, na watu walilazimika kugeuka ili wamwone. Alisema kwamba Tamotsu hakukigusa kisu wala ubao. Mumewe ndiye aliyepasua, mumewe ndiye aliyeyaosha maini, na mumewe ndiye aliyemwambia ainamishe kichwa polisi atakapouliza. Alisema amechoka kuota anakiosha. Kisha akaanza kumimina chai kwenye vikombe, kwa sababu hakujua afanye nini kingine.

Polisi wa sasa, kijana wa ng'ambo, aliandika kurasa tatu, kisha akaeleza kwa heshima kwamba muda wa kumshitaki mtu kwa jambo lile ulishapita. Isoe hakushangaa. Ushirika ulimfungia Isoe kuvua kwa mwaka mzima na kumtaka arudishe mitungi aliyoizamisha. Alikubali bila kupinga. Alishinda kipindi chote cha baridi akifunga kamba kwenye mitungi mia mbili, fundo kwa fundo, kisha akaipanga yote mbele ya lango la Umekichi, safu baada ya safu, mpaka mwenye nyumba akashindwa kutoka bila kuihamisha kwa mikono yake. Ilibaki palepale siku nyingi, kwani hakuna jirani aliyekwenda kumsaidia.

Maana kilichompata Umekichi hakikuamuliwa na ofisi yoyote. Watu waliacha kula kwake. Katika sherehe ya masika, ambako zamani alikuwa akijisifu kwa kukata samaki, alizunguka na sinia la samaki aliowakata, na kila aliyefikiwa alisema kwa adabu kwamba ameshashiba. Nagamine alisema ameshashiba. Vijana walisema wameshashiba. Isoe alikuwa kwenye mkeka wa pili; aliona sinia likizunguka likiwa limejaa na kurudi likiwa limejaa, aliuona uso wa aliyelibeba, na utamu wake ulimfika hadi kwenye vidole vya miguu. Hakuuficha. Alijiongezea wali.

Fusa alikwenda kukaa na dada yake upande wa pili wa kisiwa. Chizuru alikuja kwa mara ya kwanza baada ya miaka minane, na wajukuu wawili ambao Isoe alikuwa akiwajua kwa picha. Walipanda wote kaburini, na Isoe akamwambia Tamotsu yaliyotokea, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemweleza mumewe habari za sokoni. Mwaka wa kufungiwa ulipoisha alirudi baharini na mitungi yake ya pweza, safari hii akiwa pia na mshipi wa waya wa kuvulia bunju. Kila bunju aliyempata alimkata meno kwa koleo kabla hajamtia kwenye tangi, ili wasitafunane, kama wavuvi wote wanavyofanya. Ila yeye aliifanya kazi hiyo taratibu kidogo kuliko ilivyohitajika.

Mwaka uliofuata, siku za wafu za mwezi wa nane zilirudi. Isoe alikuwa anafagia kaburi alipomwona Umekichi akipanda matuta kwa fimbo, na shada la maua ya manjano mkononi. Alisimama hatua tano chini, akihema. Aliuliza kama anaweza kusogea. Isoe alimwambia ayaweke palepale alipo. Mzee akainama, akayaweka juu ya jiwe la ngazi, kisha akashuka.

Isoe alimngoja hadi alipopotea nyuma ya michungwa. Akashuka zile hatua tano, akayachukua maua, akayatupa juu ya rundo la majani makavu alilokuwa amelikusanya, akalitia moto. Yalikuwa mabichi na yalichukua muda kushika. Aliendelea kufagia huku yakiungua.